Stika Iliyochanika Haisemi Nani Aliangusha Droni

Fundi hakugusa bisibisi. Kibanda chake kiko jirani na soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, kazi yake ya kila siku ni simu, na siku hizi watu wanamletea droni pia. Aliigeuza yangu juu chini, akautazama mkono wa mbele uliovunjika na kamera iliyokuwa ikining'inia kwa fleksi, ule utepe mwembamba wa nyaya, iliyochanika nusu, kisha akauliza swali moja tu: "Kaka, hii bado ina waranti?" Nikamjibu ndiyo, ina miezi mitano tangu niinunue. Akairudisha mezani taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto wa wenyewe. "Basi mimi siifungui. Nikiifungua tu, ile stika ya kiwandani inachanika, na waranti umeshaipoteza."

Nilimheshimu kwa jibu lile. Angeweza kunifungulia, akachukua hela yake na kuniacha nikagundue mbele ya safari. Lakini usiku ule nilikaa na kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi, maandishi madogo ya kusomea tochi, Kichina upande huu na Kiingereza upande ule. Tangu mwaka 2021 sheria zetu wenyewe zimeelekezwa ziandikwe kwa Kiswahili, na bado karatasi inayomfunga mnunuzi wa Mbeya kwa kampuni iliyo ng'ambo inamfikia kwa lugha ambayo wengi hawawezi kubishana nayo. Nikaisoma mstari kwa mstari. Nilipofika mwisho nilielewa kwamba mimi na fundi tulikuwa tumeogopa kupoteza kitu ambacho, kwa ajali ile, sikuwa nacho.

Waranti ya kawaida ya droni inahusu kasoro ya kiwandani. Mota imetoka na beringi mbovu, bodi ina kiungo ambacho hakikushika lehemu vizuri, kamera inatetemeka tangu siku ya kwanza ilipowashwa: hayo ndiyo mambo yake. Mti ulioupiga mwenyewe haumo. Mimi nilikuwa Rungwe, kwenye mashamba ya chai, nikiirusha kinyumenyume ili wachumaji waonekane wakipungua taratibu katikati ya kijani. Picha ilikuwa nzuri. Nyuma kulikuwa na mkaratusi. Kosa hilo ni langu, na hakuna stika ambayo ingelibadilisha, iwe nzima au imechanika. Maji nayo kwa kawaida hayamo kwenye waranti. Mapangaboi, kwa kuwa ni vitu vya kuchakaa, hayamo. Gamba la nje mara nyingi halimo. Hata vile vilivyomo havina muda mmoja: bodi kuu inaweza kupewa mwaka mzima huku betri ikipewa miezi michache na kikomo cha idadi ya kuchajiwa. Ipo mipango ya kulipia zaidi, kama ule ambao kampuni ya droni ya DJI wanauita Care Refresh, inayomwezesha mtu aliyeangusha droni kupata nyingine kwa kulipa ada. Ila hiyo si waranti. Inanunuliwa peke yake, inanunuliwa mapema, na ina masharti yake kuhusu nchi inakofanya kazi.

Kwa hiyo swali la fundi lilikuwa zuri lakini halikutosha. Baada ya "ina waranti?" lilipaswa kufuata "iliangukaje?" Kama iliangushwa na mkono wa mrushaji, kinachopotea kwa kuifungua ni haki ya kudai kasoro nyingine ambayo huenda ingejitokeza katika miezi iliyobaki. Haki hiyo ina thamani, siidharau. Lakini ipimwe dhidi ya droni iliyokaa kabatini ikiwa na mkono uliovunjika, wakati mwenyewe ameshapokea malipo ya awali ya harusi tatu, au kuna mkulima wa parachichi kule Njombe anayesubiri kupigiwa picha za shamba lake.

Sasa tuseme kasoro ni ya kiwandani kweli, na stika haijaguswa. Dai linapelekwa wapi? Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Mzigo unakabidhiwa kwa wakala wa basi, unapewa karatasi, unaomba Mungu. Na hiyo ni iwapo muuzaji yuko Dar es Salaam na anakubali kwamba alikuuzia. Droni nyingi zilizoko huku zimekuja kwenye begi la ndugu aliyetoka Dubai au Guangzhou, au zimenunuliwa Kariakoo kwa mtu aliyezileta kwa njia hiyohiyo, na waranti nyingi za vifaa hivi zinahesabiwa kwa eneo: iliyouzwa kwa soko la nchi moja haitambuliki kwenye kituo cha nchi nyingine. Hapo waranti ipo, lakini mlango wake uko upande wa pili wa bahari.

Halafu kuna betri. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa zenyewe haziruhusiwi kama shehena ndani ya ndege za abiria, na zikipakiwa kwenye ndege za mizigo sharti chaji yake isizidi asilimia 30. Betri iliyovimba, iliyobonyea au inayoshukiwa kuwa mbovu hairuhusiwi kupanda ndege yoyote kwa njia ya kawaida. Sheria hiyo ni ya haki kabisa, kwa sababu moto wa lithiamu angani ni janga. Lakini tazama inachomfanyia mtu wa Tukuyu: kifaa chenye uwezekano mkubwa wa kumletea dai la waranti ndicho kifaa ambacho hawezi kukituma kwa ndege.

Nimekaa na jambo hili kwa muda kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu waranti huwa yanaanza na stika na kuishia kwenye stika, kana kwamba nyuma yake kuna kituo cha huduma pale Kabwe kinachotusubiri. Kabla ya kuogopa kuichana, mtu ajiulize ingemfikisha wapi ikiwa nzima.

Nyanda za Juu Kusini zina mambo yake pia. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo uko juu zaidi. Hewa ikiwa nyepesi, mota zinazunguka kwa kasi kubwa zaidi ili kubeba uzito uleule, na betri inaisha mapema. Mwezi Juni na Julai baridi ya Kitulo na Njombe inashusha volti ya betri ghafla pale mrushaji anapodai nguvu nyingi kwa mkupuo. Ukungu wa Rungwe hauonekani kama mvua, lakini ni maji: unaingia kwenye mota zilizo wazi, unakaa juu ya bodi, na baada ya wiki kadhaa kunatokea kutu ya kijani kwenye miguu ya chipu. Kule Mbarali, mashamba ya mpunga yakiwa yamejaa maji, sensa za chini zinazosoma ardhi ili droni isimame mahali pamoja zinachanganywa na mng'ao, na droni inaanza kuelea upande.

Hapo ndipo ugomvi wa kweli unapozaliwa. Droni imezima angani Kitulo saa moja asubuhi. Je, seli ya betri ilikuwa na kasoro tangu kiwandani, au mwenyewe aliirusha kabla haijapata joto? Dai zima liko kwenye swali hilo. Na jibu lipo! Droni za siku hizi huandika kumbukumbu ya safari yote: volti ya betri, kasi ya mota, idadi ya setilaiti, mwinamo, upepo uliokadiriwa, na kile ambacho vidole vya mrushaji vilikuwa vikifanya kwenye rimoti kabla ya kuanguka. Sehemu ya kumbukumbu hizo inabaki ndani ya droni, sehemu nyingine kwenye simu. Mtengenezaji akiletewa dai, hizo ndizo anazozisoma ili kuamua kama ni kosa la mtambo au la mtu.

Basi mwenye kumbukumbu za namna hiyo anahitaji stika ya nini? Hoja yangu iko hapa, na nitaishikilia. Stika inajibu swali moja tu, kwamba kuna aliyefungua. Haijui alifungua lini, kwa nini, aligusa nini, wala kama alichogusa kina uhusiano wowote na kilichoharibika. Mtu aliyebadilisha gamba la chini lililopasuka Machi hapaswi kunyimwa dai la mota iliyoharibika Mei kwa beringi mbovu. Kunyimwa kwa sababu alichokifanya kilisababisha ubovu ni haki. Kunyimwa kwa sababu alifungua tu, bila mtu kujishughulisha kuonyesha kilichosababisha nini, ni kumfanya mnunuzi abebe mzigo wa ushahidi ambao zana zake zote ziko mikononi mwa mwenzake.

Wenzetu wameshalipitia hili. Marekani ina sheria ya waranti ya mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss, ambayo kwa ujumla inamkataza mtoa waranti kuifunga kwenye sharti la kutumia spea au fundi wa kampuni fulani, isipokuwa kama anavitoa bure. Mwaka 2018 tume yao ya biashara iliziandikia barua kampuni 6 zilizokuwa zikitumia maneno kama yale ya "waranti itakufa ukitoa stika hii", ikazionya kwamba kauli hizo zinaweza kuwa kinyume cha sheria. Mwaka 2024 iliandika tena, safari hii kwa kampuni 8. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka huohuo agizo kuhusu ukarabati wa bidhaa, na ndani yake mtengenezaji anakatazwa kukataa kutengeneza kifaa kwa sababu pekee kwamba fundi mwingine alikigusa kabla. Agizo hilo linataja aina za bidhaa: mashine za kufulia, friji, simu, tableti na nyingine. Droni hazimo. Hata hivyo kanuni iliyobebwa ndani yake ndiyo hiyohiyo, na haibadiliki kwa sababu kifaa kina mapangaboi.

Hapa nyumbani hatuanzii sifuri. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka anayeuza bidhaa katika biashara yake auze kitu kinachofaa kwa kazi kilichonunuliwa kufanya, hata kama hakuna kikaratasi chochote ndani ya boksi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ile iliyounda FCC, yaani Tume ya Ushindani, inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Mtu wa dukani anayekuambia "waranti mwaka mmoja" huku akijua kwamba bidhaa yake haitambuliki na kituo chochote cha nchi hii, amekupotosha, na sioni jina jingine la kuliita hilo. Ningependa FCC watoe mwongozo ulio wazi kwa Kiswahili kuhusu stika za namna hii, utakaosema kwamba kufunguliwa kwa kifaa peke yake si sababu ya kukataa dai, na kwamba anayekataa aeleze kwa maandishi kilichofanyika ndani na jinsi kilivyoleta ubovu. Kuandaa mwongozo wa namna hiyo hakuhitaji bajeti kubwa.

Lakini kuna upande mwingine, na siwezi kuupita haraka, kwa sababu nimeona unavyoleta madhara. Droni si redio. Redio iliyofungwa vibaya inakoroma, basi. Droni iliyofungwa vibaya inaanguka, na inaanguka mahali watu walipo, maana tunazirusha juu ya harusi na mikutano ya hadhara. Mota ya droni ina waya tatu. Ukizilehemu na kubadilisha mbili nafasi, mota inazunguka kinyume, na droni inapinduka palepale inapojaribu kupaa. Ndani kuna skrubu zinazofanana kwa macho lakini zinatofautiana urefu kwa milimita moja au mbili. Ukiweka ndefu mahali pa fupi, inatoboa bodi. Ukiacha sumaku karibu na dira, droni inapotea njia hewani. Ukibadilisha kamera nzima pamoja na gimbali yake, kile kishikio kinachoituliza, aina nyingi zinahitaji kalibresheni, yaani kusawazishwa upya, inayofanywa kwa programu ambayo kampuni haiwapi mafundi wa nje, na bila hiyo picha inakaa mshazari daima. Na betri haifunguliwi. Sisemi ifunguliwe kwa uangalifu, nasema haifunguliwi. Seli iliyotobolewa na ncha ya bisibisi inawaka moto ambao huwezi kuuzima kwa kitambaa, na vibanda vyetu vimepangwa bega kwa bega kwa mbao na mabati. Watu wa Mbeya hawahitaji kuelezwa moto unavyofanya sokoni.

Mtengenezaji anaposema fundi asiyefunzwa anaweza kuleta hatari, anasema kweli. Ninachokataa ni hatua inayofuata, pale ukweli huo unapogeuzwa kuwa sababu ya kuficha michoro, kuzuia spea na kufungia programu ya kalibresheni, halafu fundi akalaumiwa kwa kubahatisha. Kama hatari ni kubwa kiasi hicho, basi mafundi wafundishwe. Jiji letu lina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia na kuna vyuo vya VETA, na vijana wanaolehemu chipu za simu kwa darubini ndogo wana mikono tulivu kuliko yangu mara kumi.

Kuna nyakati ambapo ushauri wangu ni ule wa fundi wa Mwanjelwa, neno kwa neno. Droni mpya ambayo haijagonga kitu, umeitoa kwenye boksi wiki mbili zilizopita, na mota moja inapiga kelele tofauti na nyingine: usiifungue. Kamera inaonyesha ujumbe kwamba mota yake imezidiwa, na haijawahi kuanguka: usiifungue. Hapo unacho unachokilinda. Hifadhi kumbukumbu za safari kutoka kwenye simu, piga video ya ubovu, tafuta risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na mbane aliyekuuzia kabla hajasahau sura yako. Gamba lililopasuka, mguu uliokatika, fleksi iliyochanika kwa kugonga mti ni habari tofauti. Hapo waranti haikuwa inakuja hata kidogo, na fundi mzuri ndiye msaada uliopo.

Na bodi kuu, hata nje ya waranti, ina jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wanataka droni isajiliwe na iwe na kibali, na usajili unafuata namba ya utambulisho ya kifaa. Ukibadilisha bodi kuu, namba inayosomeka ndani ya mfumo huenda isiwe tena ile iliyobandikwa kwenye gamba na kuandikwa kwenye fomu. Askari akikusimamisha Uyole, maelezo hayo hutayatoa kwa dakika mbili. Fundi akueleze kabla, na wewe utoe taarifa.

Kinachonisumbua zaidi kuhusu mafundi wetu si ujuzi. Ni kwamba hawaandiki. Kifaa kinaingia, kinafunguliwa, spea ya zamani inatupwa kwenye kopo, kinafungwa, hela inalipwa, na siku tatu baadaye hakuna anayeweza kusema kilichoguswa. Ukienda na droni ya namna hiyo kudai mota iliyoungua, hata mtu mwema wa kituo cha huduma hana pa kukuanzia. Tunalalamika kwamba wanahukumu kwa stika, na sisi hatujawapa kingine cha kuhukumia.

Nilirudi Mwanjelwa Jumatatu. Nilimweleza fundi niliyoyasoma: kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba dai halikuwepo, kwamba anachohofia kuniharibia sinacho. Alisikiliza, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika, kisha akachukua simu yake akapiga picha ya stika kabla ya kuigusa. Nilimwomba apige na kila hatua. Alicheka kidogo, akakubali. Skrubu alizichomeka kwenye kipande cha boksi alichochora umbo la droni, kila moja mahali ilipotoka, ufundi ambao hakuna aliyemfundisha. Waya tatu za mota alizipaka rangi ya kucha kabla ya kuzikata, nyekundu, nyeupe na isiyo na kitu. Bodi ilikuwa nzima. Karibu na tundu la hewa kulikuwa na alama ndogo ya kijani, ya ukungu, ambayo nisingeijua kamwe kama stika ingebaki mahali pake. Aliisafisha kwa spiriti na mswaki laini.

Tulikwenda kuijaribu kwenye uwanja mtupu, mbali na watu, mita mbili tu juu ya ardhi, mpaka betri ikaisha. Alipomaliza nilimpa daftari nililonunua pale kwenye duka la jirani, akaandika tarehe, namba ya droni, "fleksi 1, mkono wa mbele kushoto 1, kutu imesafishwa, betri haikuguswa", akatia sahihi. Mkono wa zamani na fleksi iliyochanika viko kwenye bahasha, ndani ya boksi, pamoja na risiti.